Kaunta ya Sentimita Sabini na Nane

8 Machi

Shemeji Fundi,

Salamu nyingi kutoka kwangu na kwa dada yako, ambaye amesimama nyuma yangu na kisu cha vitunguu mkononi, anasoma kila neno ninaloandika. Nimemwambia aende jikoni. Amekataa.

Najua sheria ya karakana yenu tangu enzi za marehemu baba mkwe: kipimo hakipokelewi kwa simu. Nakumbuka kile kitanda kilichoagizwa kwa simu, kikaja kifupi, na bwana harusi wa watu akalala miezi mitatu amekunja magoti. Kwa hiyo nimekaa, nimeshika kalamu, na chini nitatia sahihi kama inavyotakiwa.

Nataka kaunta. Ya nyumbani, sebuleni kwangu, pale lilipokuwa kabati la vyombo. Miaka thelathini na mmoja nimehudumu nyuma ya kaunta za watu: hoteli mbili, klabu moja, na ile baa ya kona ambayo mwenye nayo alikuwa anahesabu hata vijiti vya meno. Nimezipangusa mpaka vanishi yao ikaishia kwenye kitambaa changu. Sasa nataka ya kwangu, na nataka uitengeneze wewe.

Vipimo naviandika kwa tarakimu na kwa maneno, kama hundi ya benki. Urefu wa mbele, mita 3 (tatu). Kona igeuke kulia, mita 1.2 (moja na sentimita ishirini). Upana wa ubao wa juu, sentimita 55 (hamsini na tano). Kimo kutoka sakafuni, sentimita 78 (sabini na nane). Nafasi ya ndani, kati ya kaunta na ukuta, mita 1.5 (moja na nusu). Ubao wa juu uwe mbao tupu, sitaki karatasi ya plastiki iliyochorwa mbao. Na upande wa mteja, mbele yote mpaka konani, uweke ule ukingo mnene wa mviringo wa kuegemeza mikono. Sijui ninyi mnauitaje. Sisi tuliuita egemeo.

Iwe tayari kabla ya Jumamosi tarehe 30 Mei. Siku hiyo watu wangu wa zamani wanakuja, kumi na wawili, wengine niliofanya nao kazi na wengine wateja. Tangu nilipoacha kazi mwaka jana wamekuwa wakija mmojammoja na mfuko wa matunda, wanakaa ukingoni mwa kiti, wanasema kwa sauti ya chini kama wamekuja kutoa pole. Nimechoka kupewa pole. Nataka wanikute kazini, nimefunga aproni, niwamiminie kwa mkono wangu. Mwaka huu hilo ndilo ninalolitaka, sina jingine.

Kuhusu ule mguu uliokuwa ukinisumbua, usiwe na wasiwasi. Tumeshamalizana nao.

Shemeji yako,
Kaunta (kama wateja walivyonibatiza)


17 Machi

Shemeji Kaunta,

Barua imefika, nimeipigilia ukutani juu ya jiriwa ya kubania mbao, mahali ambapo baba alikuwa akipigilia za kwake. Ukiona kipimo chako kimepanda pale, ujue umeingia kwenye foleni na hutoki.

Nikuambie ukweli, umefika kwa mwenyewe. Mimi ndiye mtu ambaye mafundi wa mtaa mzima huniletea milango iliyowashinda, wakisema wamepita tu kunisalimia. Kaunta nimeshatengeneza tatu, zote za watu wa biashara. Yako itakuwa ya nne na itazipita zote, kwa sababu hizo nyingine nilitengeneza kwa kufuata mchoro na hii naitengeneza kwa kufuata mtu ninayemjua.

Mbao ninazo. Mtiki mkavu, miaka minne umelala chini ya paa langu, umepoa kabisa. Nitaunganisha mbao tano kwa ubao wa juu, nizibane kwa gundi, kisha randa, kisha msasa wa mikono mitatu.

Maswali sasa. Kwanza, egemeo unalitaka nene kiasi gani? Wapo wanaotaka jembamba, wapo wanaotaka kama gogo. Pili, hukutaja fito ya chini ya kuwekea miguu, nadhani umesahau. Tatu, mita moja na nusu ya ndani ni ya nini? Mhudumu wa kawaida anataka sentimita tisini na bado anacheza rumba. Umenenepa kiasi hicho, au dada anakulisha mara nne kwa siku? Nilicheka mpaka penseli ikanidondoka sikioni.

Msalimie dada. Mwambie aandike naye, asikuachie kalamu peke yako.

Fundi


26 Machi

Shemeji,

Sijanenepa. Nimezoea nafasi, basi. Iache hivyo hivyo.

Fito ya miguu siihitaji. Wageni wangu watakaa kwenye viti vya kawaida, vya meza ya chakula.

Sasa egemeo. Hapo umeniuliza kitu ninachokijua, kwa hiyo vuta kigoda usikilize. Mtu akiingia baa hatazami chupa kwanza. Anatafuta pa kuweka mikono. Aliyepandishwa cheo huweka kiwiko kimoja na kugeuza mwili upande, apate kuonekana na walioko mezani. Aliyefukuzwa kazi huweka vyote viwili na kuinama. Aliyegombana na mkewe hupitisha kidole gumba juu ya ukingo, mbele na nyuma, kama anaupiga msasa, na huyo unampa maji kwanza kabla hajasema lolote. Mimi nilikuwa namaliza kusoma mtu kabla hajafungua mdomo, na niliyasoma yote hapo kwenye egemeo.

Kwa hiyo lisiwe jembamba, litauma mfupa na mtu ataondoka baada ya robo saa. Lisiwe gogo, gogo halishikiki. Upana wa kiganja changu na vidole, yaani sentimita 12 (kumi na mbili). Mgongo wake uinuke juu ya ubao kwa unene wa kidole, kinywaji kikimwagika kisiende kwenye suruali ya mtu. Upande wa nje uteremke taratibu, ili mkono ulale wenyewe.

Dada yako anasema ataandika akipata nafasi. Hajapata.

Kaunta


14 Aprili

Shemeji Kaunta,

Leo nina habari na majivuno, vumilia yote mawili.

Ubao wa juu umekamilika. Nimeupaka mafuta mkono wa kwanza na mistari ya mtiki imeamka, jirani yangu mshona viatu amekuja kuutazama mara mbili na mara ya pili hakuwa na kisingizio.

Egemeo lilinitoa jasho. Kulichonga mbele ni kazi ya mashine na subira. Matata ni kona. Nilikata vipande viwili kwa nyuzi arobaini na tano, kila kimoja kimelala chali mezani, nikavikutanisha, vikaachana kama ndugu wagombao. Mgongo wa huku uko juu, bonde la kule liko chini. Mtiki mzuri wa mita nzima ukaenda na maji. Nikakaa kwenye pipa la gundi nikanywa chai. Ndipo nikaona upumbavu wangu: egemeo halilali chali likishafika kwenye kaunta, linakaa limeinama kwenye pembe ya ubao. Basi lazima likatwe likiwa limekaa vile vile litakavyokaa. Nikatengeneza kiti chake cha mbao, nikaliketisha, nikakata upya. Safari hii vimekutana, ukipitisha ukucha kwenye kiungo hausikii kitu. Baba angekuwepo angekohoa mara moja, na unajua kikohozi chake kile kilikuwa na maana gani.

Kulikuwa na kosa moja dogo kwenye vipimo vyako. Nimelirekebisha, utanishukuru. Na nimekuongezea kitu ambacho hukuagiza, hicho ni zawadi, usiniulize.

Lori linaondoka huku tarehe 8 Mei. Wachukuzi wawili wanajua kufunga, nimewaandikia kila skrubu inakwenda wapi.

Fundi


22 Aprili

Shemeji,

Kosa silikumbuki, labda ni ile kona, dada yako alishika futi kamba upande wa pili na alikuwa anaongea na jirani. Fundi ni wewe. Fanya unavyoona.

Nimewaandikia wote kumi na wawili. Kumi wamejibu kuwa watakuja, wawili hawajajibu lakini hao sijawahi kuwaona wakikosa. Nimetoa aproni ya kazi kutoka sandukuni, dada yako ameipiga pasi. Bilauri nimezipanga. Kila siku asubuhi nafanya mazoezi ya mikono, nanyanyua chupa mbili zilizojaa maji, mara hamsini, maana mkono wa mhudumu ukikaa mwaka mzima bila kazi huwa mkono wa karani.

Sijalala vizuri hivi tangu mwaka jana. Nashukuru.

Kaunta


12 Mei

Kwa Fundi,

Kaunta imefika na imefungwa. Kazi ni nzuri sana. Wachukuzi walikuwa waangalifu na hawakuharibu ukuta. Nakushukuru pia kwa vile viti virefu vinne ulivyoongeza kama zawadi.

Ile siku ya tarehe 30 nimeiahirisha, kwa sababu zisizohusiana na kazi yako.

Wako,
Kaunta


13 Mei

Mdogo wangu,

Mume wangu amekuandikia jana na najua alichoandika, kwa sababu mimi ndiye niliyepeleka barua posta. Ile ni barua ya mtu aliyevaa tai. Sasa soma hii ya kwangu, na ukimaliza ukae chini kwanza.

Mguu wake wa kushoto ulikatwa Oktoba iliyopita, juu ya goti. Ni sukari. Tulikuambia upasuaji mdogo, na mimi nilisema hivyo kwenye simu huku nimeshika ukuta. Alinikataza nisikuambie wewe wala mtu yeyote wa kwetu. Alisema shemeji yake anamjua akiwa amesimama, basi abaki kumjua hivyo. Alipokuandikia kwamba yeye na mguu wameshamalizana, alijichekea, na mimi nikatoka nikaenda kuanua nguo zilizokuwa bado mbichi.

Yuko kwenye kiti cha magurudumu, kile cha hospitali kilichobonyea. Sentimita sabini na nane aliipima yeye mwenyewe akiwa amekaa humo, siku mbili, akifuta na kuandika. Mita moja na nusu ni ya kugeuza kiti. Viti vya kawaida ni ili wote wakae chini sawa naye, asiwepo wa kumtazama kwa juu.

Wewe umeleta mita moja na sentimita saba.

Wachukuzi walipoondoka alikwenda nyuma ya kaunta. Nilikuwa upande wa wateja. Akasema, "Agiza." Nikaagiza maji. Akajaza bilauri, akanyoosha mkono kuipandisha juu ya ubao, mkono ukapita juu ya macho yake, maji yakamteremkia ndani ya shati mpaka kwapani. Akauliza, "Unaniona?" Nikasema nakuona vizuri. Nilikuwa naona macho na paji la uso, basi. Akakaa huko nyuma muda mrefu. Kisha akaniomba shuka mbili, akaifunika kaunta yote, na tangu hapo anapita jikoni kwa mlango wa nje ili asipite sebuleni.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Huyu kaumbuliwa na kaunta. Nimemwambia hivyo na hakucheka, na wewe unajua huwa anacheka.

Hakulaumu hata kwa neno moja. Anasema kosa ni lake, aliandika kipimo akaficha sababu. Lakini mdogo wangu, ile Jumamosi ndiyo iliyokuwa ikimtoa kitandani. Nimeulizia fundi wa huku aje aipunguze miguu, ameitazama, akasema akiikata atauharibu ule ubao wa mbele wenye mapambo, haitatazamika. Niambie la kufanya.

Dada yako


18 Mei

Shemeji Kaunta,

Dada ameniambia. Usimkasirikie, au mkasirikie kesho, leo nisikilize mimi.

Nimelia. Naandika hivyo wazi kwa sababu nimechoka na familia inayomeza maneno. Nimelia kwa mguu wako, na nimelia kwa miezi yote hii niliyokutania kwenye simu kuhusu kwenda matembezi.

Kisha nimekwenda kusimama mbele ya ukuta. Barua yako bado iko pale. Imeandikwa 78, kwa tarakimu na kwa maneno, na sahihi chini. Mimi ninayewafukuza watu wanaoleta vipimo vya mdomo, mimi ninayesema karatasi ndiyo shahidi, nilisoma maandishi yako na sikuyaamini. Nilisema moyoni, huyu mzee amepima meza ya chakula. Nikapima kaunta kwa kiwiko changu nikiwa nimesimama, nikaridhika. Mwamba ngoma huvutia kwake. Katika miaka kumi na tisa ya kazi sijawahi kufanya kosa la kijinga kama hili, na nimelifanya kwa mtu wangu. Nisamehe.

Sasa nimemaliza kuomba radhi, naingia kazini.

Kaunta haikatwi. Yule fundi wa huko amesema kweli, mwambie dada amwongezee chai. Na hata kama ingekatika, nisingeikata, kwa sababu nimeifikiria ile sabini na nane yako siku tatu na nina neno nayo. Wewe ulitaka kuwashusha watu kumi na wawili ili mlingane. Miaka thelathini na mmoja ulifanya hivyo lini? Mhudumu hamwambii mteja akae chini. Mteja anakuja na urefu wake, anaegemea, na mhudumu yuko pale pale mbele ya macho yake.

Kwa hiyo tutapandisha sakafu. Upande wako tu, nyuma ya kaunta. 107 toa 78 inabaki 29. Nitajenga jukwaa la sentimita ishirini na tisa, la mbao nene, lisilolia likikanyagwa, na ukiwa juu yake ubao utakufikia pale pale ulipotaka ukufikie. Kipimo chako kitakuwa kweli, ila kitahesabiwa kutoka kwenye sakafu yako. Wakikaa kwenye vile viti virefu nilivyokupa bila kujua ninachokifanya, mtatazamana macho kwa macho.

Kupanda ni kwa mteremko. Kila sentimita moja ya kupanda inataka kumi na mbili za kwenda, kwa hiyo nataka mita tatu na nusu. Sebuleni hazipo. Mlango wa jikoni uko nyuma ya kaunta au sivyo? Basi mteremko utaanzia jikoni na kupita mlangoni. Dada ataruka mara moja moja akibeba sufuria, atazoea. Rafu za ndani nitazitoa ili magoti yaingie chini ya ubao.

Nahitaji vipimo vitatu: upana wa mlango wa jikoni, upana wa kiti chako kutoka gurudumu hadi gurudumu, na kimo cha kiwiko chako ukiwa umekaa. Safari hii andika na sababu. Nafika tarehe 25 na zana zangu. Wale kumi na wawili waandikie tena.

Fundi


21 Mei

Shemeji,

Nimeisoma barua yako mara nne. Mara ya kwanza niliitupa chini ya kitanda, na kwa hali yangu kuitoa huko ilikuwa kazi ya dakika kumi, kwa hiyo nilipata muda wa kutulia.

Nilikasirika, sitakudanganya. Sikutaka ujue. Watu wakishajua, sauti zao zinabadilika. Daktari anaongea nami kama naanza shule. Mwenye duka la dawa anamuuliza dada yako, mbele yangu, kama nimekula. Wewe ulikuwa mtu wa mwisho aliyekuwa akiniuliza kama nimenenepa. Nilitaka nikuhifadhi wewe.

Nimesoma pia pale uliposema mhudumu hamwambii mteja akae chini. Ni kweli na nilipaswa kuliona mwenyewe. Nilikuwa nimeogopa, shemeji. Niliogopa kutazamwa kwa juu mpaka nikasahau kazi yangu.

Vipimo. Mlango wa jikoni, sentimita 90 (tisini). Sababu, aliyejenga nyumba alikuwa mnene. Kiti, gurudumu hadi gurudumu, sentimita 64 (sitini na nne). Sababu, hospitali hawakuwa na kingine. Kiwiko nikiwa nimekaa, sentimita 71 (sabini na moja). Sababu, ndipo kilipo. Saba zilizobaki mpaka kwenye ubao ni kwa ajili ya kumimina, mkono wa kumimina hupanda kidogo.

Na nina masharti. Ukingoni mwa jukwaa uweke kizuizi cha mbao, gurudumu lisinitoroke mbele ya wageni. Mwisho wa mteremko uweke sehemu tambarare ya kupumzika, sitaki nifike kazini nahema. Na usije na uso wa pole. Ukija nao nitakurudisha kituoni na masanduku yako.

Wale kumi na wawili nimewaandikia. Nimewaambia nilikosea tarehe, ni ile ile ya kwanza.

Kaunta


28 Mei
(kikaratasi kilichoachwa juu ya kaunta, chini ya bilauri)

Shemeji, umelala mchana na mimi nina lori la kuwahi. Nisingependa kukosa Jumamosi lakini kuna madirisha ya shule yananingoja tangu Jumatatu.

Vanishi ya mteremko haijakauka. Usipite mpaka kesho jioni, hata kama dada amelala na hakuna anayekuona. Nakujua. Mstari mweupe niliouchora kwenye ukingo wa jukwaa ni wa wewe kuona unapogeuka, usiufute.

Jana ulipopanda mara ya kwanza na kuweka mikono juu ya ubao, ulianza tu kupanga bilauri. Nimetengeneza vitu vingi, na hakuna siku niliyolipwa vizuri kuliko hiyo.

Fundi


31 Mei

Shemeji Fundi,

Naandika asubuhi, mikono inaniuma na nimefurahi kwamba inaniuma.

Walikuja wote, na wawili wakaja na wake zao, kwa hiyo kumi na wanne. Nilikuwa nimeshapanda, nimefunga aproni, kabla hawajabisha hodi. Dada yako alifungua mlango. Waliingia na mifuko ya matunda, kama kawaida yao, na nyuso walizovaa nje. Wakasimama pale katikati ya sebule hawajui waanzie wapi. Nikawaambia matunda ni upande wa jikoni, vinywaji ni upande wangu, nani wa kwanza?

Ndipo mpishi mkuu wa zamani, yule niliyefanya naye kazi hoteli ya pili, akasogea. Akaweka kiwiko kimoja kwenye egemeo. Akalipapasa. Akaweka cha pili. Akauliza nani amelichonga, nikasema shemeji yangu, akasema anamtaka kwa ajili ya mlango wake uliomshinda fundi. Kidogo kidogo wakasogea wote. Kwenye kona uliyoikata mara mbili alikaa mwalimu mstaafu na mkewe, na bibi huyo alipitisha ukucha kwenye kiungo akitafuta mahali kilipo, hakupaona.

Nilifanya kazi, shemeji. Nilimimina, nilipangusa, niligeuza kiti kwenye ile mita yangu moja na nusu bila kugusa ukuta zaidi ya mara mbili. Kulikuwa na wakati niliagizwa vitu vitano kwa pamoja na nikavikumbuka vyote vitano. Lakini ngoja nikuambie. Walikuwa wananishukuru mno. Nikisukuma bilauri, asante sana Kaunta. Nikifungua chupa, hongera Kaunta, unaweza. Mmoja alinipigia makofi kwa kukata limau. Nilitabasamu, ila ndani nilikuwa nazama. Tangu nitoke hospitali watu wamekuwa wakinisifu hata kwa kufunga vifungo vya shati, na nikaanza kuona kwamba hata kaunta hii nzuri haitaniponya na jambo hilo.

Kisha mpima ardhi akaja kwenye egemeo. Wewe humjui. Ni mtu mkavu, miaka kumi na minne alikunywa mbele yangu na hakuwahi kutabasamu ila siku timu yake iliposhuka daraja. Alikuwa amekaa pembeni na bilauri yake ya bia tangu mwanzo. Akaiweka juu ya ubao, akaisukuma kwangu kwa kidole kimoja.

"Kaunta," akasema, "hii ni nusu povu. Unanifanyia nini? Mwaka mmoja tu umekaa nyumbani na kazi umeisahau?"

Dada yako alikuwa amebeba sinia, akaliweka chini pale pale sakafuni. Mwalimu alimshika mpima ardhi begani, akaanza kumwambia taratibu kwamba afikirie hali. Mpima ardhi akautoa ule mkono. Alikuwa ananitazama mimi, usoni, akingoja jibu.

Niliinua bilauri nikaitazama kwenye mwanga. Alikuwa na haki. Nilikuwa nimemimina ovyo, kwa haraka, nikiwa nimezama kwenye kusikiliza sifa.

Nikamwambia, "Samahani, mzee. Nipe dakika moja." Nikachukua bilauri nyingine, safi. Nikaiinamisha, nikamimina polepole ubavuni mwake, nikaisimamisha mwishoni, povu likapanda kidole kimoja likasimama. Nikaipangusa chini, nikaisogeza mpaka mbele ya mkono wake. Akaonja. Akafikiri. Akasema afadhali, na akarudi kwenye kiti chake bila kuniambia asante.

Shemeji yako,
Kaunta